Pepe na Kiini: Lugha ya Sayansi katika Ulimwengu wa Kompyuta

Wakulima wa mpunga huita pepe ile punje yenye ganda lakini isiyo na kiini. Neno la umbo hilohilo, tangu kuenea kwa barua pepe, limezoeleka kutaja mambo yaliyomo ndani ya kompyuta. Ndiyo maana leo husemwa pia "ulimwengu pepe". Kukutana kwa maana hizi mbili kunaibua swali ambalo mwalimu wa sayansi hawezi kulikwepa: je, mwanafunzi anayefundishwa katika ulimwengu wa namna hiyo hupata kiini, au huambulia ganda tu?

Mfano unaofaa kuchunguzwa ni River City, mji wa kubuni uliotayarishwa na Chris Dede na wenzake wa Chuo Kikuu cha Harvard, na kutumiwa katika shule za Marekani katika muongo wa kwanza wa karne ya 21. Mji huo ni wa karne ya 19, na wakazi wake wanaugua. Wanafunzi huuingia kwa vikundi, huhoji wakazi, huchunguza maji ya mto na kuhesabu mbu. Maradhi yamechanganyika: yapo yaletwayo na maji, yapo yaenezwayo na mbu, na yapo yanayoambukizwa mtu kwa mtu. Kikundi hutunga nadharia tete, hubadili jambo moja tu, kisha hulinganisha hali ya mji kabla na baada ya badiliko hilo. Hatimaye mwanafunzi humwandikia meya barua ya kueleza chanzo cha maradhi na hatua za kuchukuliwa.

Barua hiyo inastahili kuzingatiwa kuliko picha zote za kompyuta. Watafiti waliona kwamba baadhi ya wanafunzi waliopata alama ndogo katika maswali ya kuchagua majibu waliandika barua zilizokaribiana kwa ubora na za wenzao hodari. Yaani, maarifa yaliyofichika katika mtihani yalijitokeza katika maelezo. Kwa hiyo, lugha haikuwa chombo cha kupokelea sayansi tu. Ilikuwa mahali ambapo sayansi yenyewe ilitendeka.

Kwa mintarafu ya Tanzania, yamkini itadaiwa kwamba mtoto wa bonde la Kilombero hahitaji kompyuta ili amjue mbu. Dai hilo lina ukweli, lakini halijakamilika. Mtoto huyo hawezi kukausha madimbwi yote ya kijiji, akasubiri, kisha akayarudisha ili alinganishe. Wala hapana mwalimu atakayewaacha watu waugue kwa ajili ya jaribio. Katika mji wa kubuni, wakati hurudishwa nyuma na kosa halimdhuru mtu. Hiki ndicho kiini cha mbinu hii.

Hata hivyo, kiini hicho hupotea iwapo barua haiandikiki. Mwanafunzi aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili hutakiwa, afikapo sekondari, kueleza sababu na matokeo kwa Kiingereza ambacho bado anajifunza. Anachokiona anakielewa, anachokielewa hawezi kukisema. Si kwamba istilahi hazipo: Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Kinachokosekana ni nafasi ya kuzitumia istilahi hizo katika hoja, mabishano na maandishi ya wanafunzi wenyewe.

Aidha, shule isiyo na umeme haina sababu ya kungoja. Ramani ya kijiji ubaoni, jedwali la wagonjwa wa kubuni, na sharti la kubadili jambo moja tu kwa wakati mmoja vyatosha kuanzia. Kisha kila mwanafunzi na amwandikie mwenyekiti wa kijiji barua kwa Kiswahili, akitaja anachodhani, ushahidi alio nao, na jambo ambalo lingemfanya abadili rai yake. Kompyuta zikifika, zitamkuta mwanafunzi tayari ana la kusema.