Dada Watano na Shamba la Mama

Ndugu msomaji, huenda ukastaajabu kumwona mwalimu wa chuo, mwenye mvi kama mimi, ameshika kalamu kukusimulia khabari za senema. Hata mimi nimestaajabu. Kwa miaka mingi nimewakemea vijana wa hapa Rudewa kwa kukesha mbele ya picha, wala siyafuti niliyoyasema, kwani nyingi katika hizo hazina kheri. Lakini haki husemwa hata ikimuuma msemaji.

Ilikuwa usiku wa mvua, baada ya Isha. Nilimkuta mjukuu wangu wa kike akitazama picha ya Watamil, watu wa kusini ya Bara Hindi, wenye lugha yao mbali na Kihindi tulichokizoea masikioni. Jina lake ni Kadaikutty Singam, iliyotoka mwaka 2018. Mwongozaji wake ni Pandiraj, na mchezaji mkubwa ni Karthi. Niliingia nimzimishe; nikakaa hata mwisho, yeye akinifasiria maandishi ya Kiingereza yaliyo chini ya picha.

Kilichonikalisha ni majaruba ya mpunga na ng'ombe. Wazee wenzangu mliosoma Tanga miaka ya 1970, mkipita nje ya Majestic mkijifanya hamtazami, bila shaka mwaikumbuka Mother India ya mwaka 1957, na yule mkopeshaji dhalimu. Hii ni nyengine. Mkulima wa humu halii njaa. Ajivunia jembe lake mbele ya watu, na mtihani wake uko ndani ya nyumba. Yeye ni mwana wa mwisho, wa kiume pekee, mwenye dada watano waliomtangulia. Dada hao wana mabinti, na ukoo wangojea amwoe mmojawapo. Moyo wake uko kwa mwengine.

Hapo nilimwambia mjukuu asimamishe. Nilimweleza kuwa baadhi ya Watamil wana desturi ya mjomba kumwoa binti wa dada yake, na kwamba sisi twaijua Suratun-Nisaa, aya ya 23, iliyowahesabu wanawake walioharamishwa, na binti wa dada yumo. Hata Wasagara na Wakaguru wa huku kwetu, ambao ukoo wao wafuata upande wa mama, wangelikimbia kusikia neno kama hilo, kwa kuwa mtoto wa dada ndiye damu khasa ya mjomba. Nilisema mengi. Mtoto akanisikiliza kwa adabu, kisha akasema: "Nimefahamu, babu. Lakini tazama anavyowajali dada zake."

Ndugu msomaji, maneno hayo yalinifunga mdomo.

Mimi nina dada mmoja tu, mkubwa wangu. Mama yetu alipofariki mwaka 1994 aliacha ekari sita za shamba karibu na mto. Kwa desturi ya ukoo shamba la mama ni la binti. Mimi nilikuwa nimerudi na elimu yangu ya mirathi, ingali moto, nikagawa mbele ya watu: nne zangu, mbili zake. Hesabu ilikuwa sahihi, na leo ukiniuliza nitakugawia vivyo hivyo. Lakini sikukaa naye kwanza kumweleza. Upande wa maji niliuchukua mimi. Na kabla ya mwaka kwisha niliuza kwa mtu mgeni, naye akapata khabari sokoni. Najua wanafunzi wangu watasema kuwa baada ya kugawana shufaa haikunilazimu. Kweli, shufaa haikunilazimu, ila adabu.

Tangu siku hiyo twaamkiana, "Shikamoo dada," "Marahaba," basi. Siku ya Idd huletewa sahani ya pilau kwa mkono wa mtoto, mwenyewe haji.

Na katika picha ile, kijana asiyekuwa wa dini yetu akataa kuoa mpaka dada zake waridhie, na ndoa ni haki yake. Mimi ninayesomesha silatu-rrahim kila Ramadhani nilimaliza picha nimeinamisha kichwa, mjukuu akidhani nimesinzia.

Asubuhi yake, baada ya Alfajiri, nilikwenda kwake. Amepindukia sabini. Nilimkuta uani anapeta mchele. Akanitazama, akauliza, "Leo umekuja na karatasi gani?" Nikamjibu sina karatasi, nimekuja kusema kuwa nilimvunjia heshima. Hakusema kitu. Aliendelea kupeta, kisha akanisogezea kigoda kwa mguu, kama alivyokuwa akifanya nilipokuwa mtoto.

Tulikaa hata adhuhuri. Shamba limekwenda, na fedha yake ililiwa zamani. Tulizungumza zaidi juu ya mama. Mwisho akauliza ni nini kilichonileta baada ya miaka yote hii. Niliona haya kutaja senema. Nikamwambia mjukuu wake atakuja kumweleza.