Takwimu ni Hisabati au ni Siasa?

Nchini Marekani, kijana anayetaka kusomea udaktari hupimwa kwa namba mbili zinazotokana na hati moja ya matokeo. Ya kwanza ni GPA ya jumla, inayohesabu kila alichosoma. Ya pili ndiyo inayonishughulisha leo: GPA ya sayansi, inayokusanya kozi za baiolojia, kemia, fizikia na hisabati peke yake. Mgawanyo huo hutumiwa na AMCAS, mfumo wa pamoja wa maombi unaoendeshwa na Chama cha Vyuo vya Tiba vya Marekani. Mwombaji mwenyewe ndiye anayeandika, kozi kwa kozi, ipi iingie katika fungu lipi. Baadaye maofisa huhakiki, nao wana mamlaka ya kubadilisha.

Wengi huliona hili kuwa suala la kujaza fomu tu. Mimi, ambaye kazi yangu ni kuchunguza jinsi mamlaka yanavyowapanga watu katika mafungu, nalitazama kwa jicho jingine, hasa tangu nilipoandikiwa na mwanafunzi wangu wa zamani.

Nilipokuwa nikisomea uzamivu huko, nilikuwa msaidizi wa ufundishaji wa kozi ya takwimu katika Idara ya Sayansi ya Siasa. Jina la idara lisikudanganye, ndugu msomaji: tulifundisha nadharia ya uwezekano, upimaji wa nadharia tete na regresheni. Siasa ilikuwa katika mifano tu. Darasani alikuwamo binti wa familia ya Kikongo iliyopitia kambi ya Nyarugusu, Kigoma, kabla ya kuhamishiwa Marekani. Alipata A, na haikuwa A ya huruma. Mimi ndiye niliyesahihisha mitihani yake.

Miaka kadhaa baada ya mimi kurudi nyumbani aliniandikia: "Shikamoo mwalimu. Naomba muhtasari wa ile kozi. Wameiweka kwenye sayansi ya jamii."

Kanuni ya AMCAS inasema kozi iainishwe kwa kiini cha maudhui yake, si kwa idara inayoifundisha. Kwa kanuni hiyo, takwimu ni hisabati hata ikifundishwa na wanasiasa. Lakini mhakiki aliyeketi mbele ya maelfu ya hati huona kwanza herufi za idara, na mwombaji ndiye anayebaki na mzigo wa kuthibitisha.

Je, kozi moja ina uzito gani? Tuhesabu. Mwanafunzi mwenye krediti 40 za sayansi kwa wastani wa 3.30 amejikusanyia pointi 132. Mwongezee kozi ya krediti 4 aliyoipata kwa A, yaani pointi 16: sasa ana 148 kwa krediti 44, sawa na 3.36. Ni tofauti ndogo kwa anayeitazama kwa mbali. Kwa binti ambaye alianguka kemia mwaka wa kwanza, akairudia na kufaulu, si ndogo hata kidogo, kwa maana AMCAS huhesabu majaribio yote mawili, la kuanguka na la kufaulu.

Mipaka yenyewe ina vituko vyake. Sayansi ya neva ni baiolojia, saikolojia ni sayansi ya jamii. Uhandisi na kompyuta havimo katika GPA ya sayansi, ingawa sijamwona mhandisi anayeishi bila hisabati. Na ukiomba vyuo vya tiba ya osteopathia kupitia mfumo wao, AACOMAS, hisabati inatolewa katika hesabu ya sayansi. Hivyo mtu mmoja, kwa hati ileile, anakuwa na GPA mbili tofauti za sayansi.

Asili ya utaratibu huu si ya juzi. Ripoti ya Abraham Flexner ya mwaka 1910 ilisisitiza kwamba mwanafunzi wa tiba aingie akiwa na msingi wa baiolojia, kemia na fizikia. Ilisaidia kuondoa vyuo vya ovyo, hilo tukubali. Lakini katika wimbi hilo vyuo vitano kati ya saba vya tiba vya watu Weusi vilifungwa, vikabaki Howard na Meharry. Na tangu 2015 mtihani wa kujiunga, MCAT, una sehemu nzima ya saikolojia na sosholojia, huku GPA ya sayansi ikiendelea kuyafungia nje masomo hayohayo. Kama daktari anapaswa kuyajua kiasi cha kutahiniwa, kwa nini juhudi za miaka minne darasani zisihesabiwe pamoja na fizikia? Sijasikia jibu la kuniridhisha.

Mtoto wa daktari huzijua kanuni hizi mezani kwao, akila chakula cha jioni. Baba wa binti huyu alifanya kazi zamu za usiku kiwandani, na mshauri wa chuo alikuwa na foleni ya wanafunzi mlangoni.

Nilimtumia muhtasari, wiki kwa wiki, pamoja na orodha ya sura za kitabu. Aliomba marekebisho, na kozi ikarudishwa kwenye hisabati.

Wanafunzi wangu wa hapa wanaoniuliza kuhusu njia hiyo huwaambia mapema: AMCAS haikokotoi alama za vyuo vya nje ya Marekani na Kanada, isipokuwa katika mazingira machache, kwa hiyo digrii ya nyumbani, hata ya daraja la kwanza, haizai GPA kule. Sisi nasi tuna mipaka yetu. Aliyesoma CBG kidato cha sita hawezi kuingia udaktari wa binadamu kwa sifa za kidato hicho, kwa sababu hana fizikia. Huenda sababu ipo na ni nzuri. Ningependa wenye mamlaka waiandike pembeni ya sharti hilo katika mwongozo wa udahili, ili mtoto wa kidato cha nne aisome kabla ya kuchagua tahasusi.