Mgongo si Kioo

Maumivu ya kiuno yakizidi miezi mitatu huitwa sugu. Yangu yalikuwa na miaka miwili. Vitabu vya rafu ya chini nilishaviaga. Nilitarajia mtaalamu wa fiziotherapia anifunge mkanda, aniambie nikalale. Wapi! Alinilaza chali niinue nyonga mara kumi, kisha akaniagiza nitembee kila siku. “Mgongo si kioo, dada,” alisema.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2023, kwa maumivu sugu yasiyotokana na ugonjwa mwingine, unakubaliana naye: mazoezi na elimu, ndiyo, mikanda na kuvutwa mgongo kama tiba ya kawaida, hapana.

Bado unauma siku nyingine. Ila sasa najua kuuma si kuvunjika, na hofu ndiyo iliyonikaza zaidi.