Nesi na Mama, sehemu ya 9: Chupa ya petroli

Mama mwenzangu, Jumamosi lile gari la zamani la milango 2 la shemeji yenu liligoma mlimani Marangu. Fundi akachomoa plagi, cheche zipo. Akamimina petroli kidogo kwenye kabureta, likawaka, likazima. Kumbe pampu haisukumi mafuta.

Petroli iliyobaki ilikuwa chini, kwenye chupa ya soda. Mwanangu wa miaka 3 akaishika. Nilimnyang'anya kabla hajaonja, huku natetemeka. Mimi, nesi!

Mtoto akinywa, usimtapishe, usimpe maziwa eti kukata sumu. Petroli ikirudi juu huingia mapafuni. Mvue nguo zilizolowa, mkimbize hospitali hata kama anacheka.

Sasa hivi nenda kaangalie stoo yako.