Malengo Yenye Mashahidi

Tarehe 31 Desemba 1969 Mwalimu Nyerere alizungumza na taifa kwa redio, akatangaza kwamba mwaka uliokuwa unaingia, 1970, utakuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Nchi ilikuwa bado changa, na sensa ya 1967 ilikuwa imeonyesha kwamba katika kila watu wazima 100, 67 hawajui kusoma wala kuandika. Sisi vijana wa wakati ule, tuliokuwa tumetoka tu darasa la saba, tuliisikia habari hiyo kila palipokuwa na redio ya betri. Mwaka 1971 zikachaguliwa wilaya 6 zitangulie nchi nzima katika kufuta ujinga huo, na Pare yetu, ambayo baadaye iligawanywa kuwa Same na Mwanga, ilikuwa mojawapo. Septemba ya mwaka huohuo mkutano mkuu wa TANU ukaweka kikomo: ifikapo mwisho wa 1975, kila mtu mzima awe anajua kusoma.

Nayakumbuka haya kila Desemba, kwa sababu Desemba ndiyo mwezi ambao wanangu na wajukuu zangu huzungumza habari za malengo.

Mwezi huo milima hii ya Upare hujaa watu. Mabasi ya Dar es Salaam na Arusha huwashusha barabara kuu, nao hupanda huku juu kwa noah na bodaboda, na mabegi na mchele na zawadi za bibi. Jioni, chakula kikishaliwa, hukaa barazani na kuhesabu mwaka. Mmoja ameandika malengo yake kwenye daftari lenye jalada gumu, mwingine anayo kwenye simu. Kiwanja Kibaha. Shahada ya pili. Kupunguza uzito. Duka la vifaa vya umeme. Usiku wa mkesha wa mwaka mpya wengine huyaandika kwenye karatasi na kwenda nayo kanisani ili yaombewe. Nawasikiliza kwa heshima. Rika langu halikuwa na desturi ya mtu kukaa peke yake na kujiuliza mwaka huu umemfikisha wapi na ujao anautakia nini. Mipango yetu ilikuwa ya kijiji, ya wilaya, ya taifa. Mtu mmoja na moyo wake hakupangiwa nafasi. Kwa hilo watoto hawa wametupita, nami nalisema bila kusitasita.

Kuna jambo moja tu linalonisumbua, nalo ni ushauri wanaopeana wao kwa wao, ambao nimeusikia kwa vijana wa ukoo wangu na wa koo nyingine: usimwambie mtu mipango yako. Fanya kimya kimya, watu waone matokeo. Anayesema hivyo ana sababu zake. Husuda ipo, nimeishi kijijini miaka mingi, siwezi kuikana. Yupo ndugu ambaye akisikia unanunua kiwanja, kesho yake analeta shida ya ada. Na ipo aibu ya kutangaza jambo likashindikana mbele ya waliokusikia. Naielewa hofu hiyo yote. Lakini nimeona lengo lililofichwa linavyoisha. Ifikapo Machi mwenye nalo ameshaliacha, na kwa kuwa hakuna aliyelijua, hakuna wa kumuuliza. Desemba analiandika tena kwenye ukurasa mpya.

Kisomo cha watu wazima hakikuwa hivyo. Madarasa yalianza alasiri, watu wakitoka shambani, mengine kanisani, mengine msikitini, mengine chini ya mti. Walimu tulikuwa wengi wetu vijana wa darasa la saba, na posho yetu ilikuwa shilingi 30 kwa mwezi. Vitabu viliandikwa kufuata kazi za watu. Mradi wa majaribio ulioanza Mwanza mwaka 1968 kwa msaada wa UNESCO ulikuwa umeonyesha kwamba mkulima wa pamba hujifunza upesi akisoma habari za pamba, na mvuvi habari za samaki, basi nchi nzima ikafuata njia hiyo. Wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume.

Siku za mwanzo za darasa tuliwauliza watu kwa nini wamekuja, na kila mmoja alijibu mbele ya wenzake. Mama mmoja, ambaye mwanawe alikuwa kibarua katika mashamba ya mkonge ya Tanga, alisema anataka kusoma barua zake mwenyewe, kwa sababu msomaji aliyekuwa akimsomea alikuwa anaijua siri yote ya nyumba yake. Mzee mmoja alisema amechoka kuweka dole gumba kwenye chama cha ushirika asijue kahawa yake imeandikwa kilo ngapi. Tangu siku hiyo maneno yao yakawa mali ya darasa zima. Yule mama akikosa kuja siku mbili, wenzake walipita kwake jioni kumuuliza kama anaumwa. Mzee alipoweza kwa mara ya kwanza kuisoma stakabadhi ya kahawa, alikuja kutuonyesha kabla hajaionyesha familia yake. Sisi ndio tuliokuwa tumelisikia lengo lake likisemwa.

Agosti 1975 taifa zima lilifanya mtihani. Wazee wenye wajukuu walikaa na penseli, wakaandika majina yao, wakasoma mistari waliyopewa, wakafanya hesabu. Matokeo yalionyesha kwamba asilimia 61 ya watu wazima walijua kusoma. Lengo lilikuwa kumaliza kabisa, na halikufikiwa. Kilichonigusa tangu wakati ule ni kwamba serikali ilikuwa imetangaza lengo hadharani, ikapima hadharani, na pengo likaonwa na kila mtu. Kazi ikaendelea. Mwaka 1986 kipimo kilifika asilimia 90.4.

Ningeweza kuishia hapo nikajisifia rika langu, lakini vijana wana haki ya kujua na upande mwingine. Miaka hiyohiyo, kati ya 1973 na 1976, ndiyo iliyokuwa ya Operesheni Vijiji. Mamilioni ya watu walihamishwa, na wako waliohamishwa kwa nguvu, wakiacha mashamba na makaburi ya wazazi wao. Neno kujitolea, ambalo katika kisomo lilikuwa tamu, sehemu nyingi likawa amri: usipokuja kwenye kazi, faini, usipokuwa na fedha, kuku wako anachukuliwa. Kisha ikaja vita ya Kagera ya 1978 na 1979, bidhaa zikaadimika, bei zikapanda, na zile shilingi 30 zikawa hazinunui kitu. Walimu wa kisomo waliacha mmoja mmoja. Madarasa yakafungwa bila tangazo, na wengi waliokuwa wamejifunza wakasahau kwa kukosa vitabu na magazeti ya kusoma. Watoto wetu walikua wakiyaona hayo. Walipoitwa kwenye kazi ya pamoja, walikumbuka faini. Basi siwashangai walipoyaingiza malengo yao ndani ya nyumba na kufunga mlango.

Hata hivyo, ukitaka kuona namna ile ya zamani ikiwa hai, bila amri ya mtu, nenda kakae na akina mama wa vikoba. Utaratibu huu wa kuweka na kukopa kwa vikundi ulianza Niger mwaka 1991, ukasambaa Afrika, na huku kwetu umeota mizizi kuliko mambo mengi yaliyoletwa na mashirika. Wanakutana kila wiki. Sanduku lao lina kufuli 3, na funguo ziko kwa watu 3 tofauti. Anayelitunza sanduku hana hata mmoja. Kila mama ananunua hisa mbele ya wote, na hesabu inasomwa kwa sauti. Upo mfuko wa jamii, wa misiba na magonjwa, ambao mtu hatozwi riba. Aliyechelewa hulipa faini ndogo, na faini hiyo waliipanga wao wenyewe katika katiba yao, kwa hiyo hailalamikiwi.

Anayetaka mkopo husimama na kueleza anataka kuufanyia nini. Wenzake humuuliza maswali. Kuku wangapi? Chakula chao utakitoa wapi? Mwaka jana ulisema hivihivi, ikawaje? Nimewahi kualikwa kukaa pembeni na kusikiliza, na nimesikia maswali makali kuliko yanayoulizwa katika ofisi nyingi. Mama aliyekopa kwa ajili ya kuku na wakafa kwa kideri hafichi. Anaeleza, na mara nyingi yupo mwenzake anayemwambia chanjo inapatikana wapi na lini. Desemba huvunja kikundi: sanduku linafunguliwa, fedha zote zinahesabiwa juu ya meza, kila mtu anapata kulingana na hisa zake, na mwaka mpya wanaanza upya, wale wanaotaka. Hiyo ni tathmini ya mwaka, na imefanywa na watu ambao wengi wao hawakufika sekondari.

Vijana wakiniambia hawajui kupanga pamoja, siwaamini, kwa sababu nimeona kamati zao za harusi. Zina mwenyekiti, katibu na mhazini. Vikao ni kila wiki. Ahadi zinasomwa majina kwa majina: fulani ameahidi kiasi hiki, ametoa hiki, amebakiza hiki. Anayechelewa anapigiwa simu mpaka analipa. Bajeti ya mamilioni inapangwa na kutimizwa kwa miezi mitatu, na siku ya mwisho mahesabu yanawekwa wazi. Watu wanaoweza jambo hilo wanaweza kujenga zahanati. Ujuzi upo, umeelekezwa kwenye sherehe ya siku moja.

Ninachowaomba, basi, ni vitu viwili. Cha kwanza, katika malengo ya mwaka, yachagueni yanayofaa kusemwa, kisha watafuteni watu watatu au wanne muwape haki ya kuwauliza. Sisemi kila kitu kitangazwe. Mambo ya ugonjwa, ya ndoa, ya kutafuta mtoto, yana stara yake na yabaki nayo. Lakini masomo, biashara, kuacha pombe, kujenga, hayo yanahitaji mtu atakayepita jioni akauliza mbona siku mbili hujaonekana.

Cha pili, katika orodha hiyo iwemo kazi moja isiyo ya nyumba yako. Sizungumzii fedha. Fedha mnatuma, na msiba ukitokea huku juu mnachangia haraka kuliko sisi tulivyoweza. Nazungumzia muda wenu na ujuzi mliosomea. Mkutano mkuu wa kijiji huitishwa kila baada ya miezi mitatu, na kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea ni mjumbe wake kwa haki. Hapo ndipo mapato na matumizi yanaposomwa. Nimehudhuria mikutano hiyo mingi, na wanaokuja ni wazee wenzangu na akina mama. Vijana wanakuja kama pana ugomvi wa ardhi. Kijiji kina watoto waliosomea uhasibu, ukunga, uhandisi wa maji, na hesabu za maji zinaandikwa na mtu anayehangaika na kujumlisha. Aliyeko mjini naye ana mtaa, na mtaa una mkutano wake, shule yake ya msingi na kamati yake.

Huku Upare kazi hizi zina historia ndefu kuliko TANU. Ndiva zetu, mabwawa madogo yanayojazwa usiku kwa mifereji kutoka vijitoni na kufunguliwa asubuhi kumwagilia mashamba ya chini, zilichimbwa na koo zetu kabla ya serikali yoyote ya wilaya. Zilisafishwa kwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja. Baragumu likilia, kila nyumba ilitoa mtu. Zamu za maji zilijulikana, na mwenye kuiba zamu ya mwenzake alijibu mbele ya wazee. Baadhi ya ndiva bado zinafanya kazi. Nyingine zimejaa tope, na waliokuwa wanajua zamu zake wanapungua kila mwaka.

Kwa hiyo katika mkutano wa kijiji wa Januari nimeomba nafasi ya kuzungumza. Zipo kazi nne zinazohitaji watu: kuweka vitabu vya hesabu vya maji, kupima ufa wa ukuta wa ndiva ya juu na kukadiria gharama, kusaidia masomo ya jioni kwa watoto wa darasa la nne wasiosoma vizuri, na kuandika barua za kijiji zinazokwenda wilayani. Baadhi ya hizo zinaweza kufanywa na mtu aliyeko Dar es Salaam kwa simu na kompyuta. Watakaojitokeza nitasoma majina yao na walichoahidi, katibu ataandika kwenye muhtasari wa kikao, na Desemba, watu wakiwa wamerudi, muhtasari huo utasomwa tena. La kwangu nalisema hapahapa: nitakaa na wazee waliobaki wanaozijua zamu za maji za ndiva zetu na kuziandika zote kwenye daftari moja, koo kwa koo, kabla ya mvua za vuli. Yeyote atakayenikuta njiani ana ruhusa ya kuniuliza nimefikia ukoo gani.