Barabara ya Bagamoyo na Gari Lisemalo Kijapani

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda Bagamoyo haendi mbali. Ni kiasi cha kilomita 70 kuelekea kaskazini, bahari ikiwa upande wa kulia, mara ikionekana na mara ikijificha nyuma ya minazi na kuta za nyumba mpya. Hata suala la kupunguza sala, ambalo watoto wetu hutuuliza kila tunapofunga mizigo, hapa halina nafasi kwa sisi tunaofuata madhehebu ya Imamu Shafi, kwa kuwa masafa ya marhala mbili hukadiriwa na wanazuoni wengi wa zama hizi kuwa ni zaidi ya kilomita 80. Pamoja na ufupi wake, safari hiyo ilitufunza jambo ambalo tumeona si vema kulificha kwa familia nyingine zenye magari kama letu.

Tuliondoka Jumamosi, saa mbili asubuhi, watu watano ndani ya gari moja, kwa nia ya kuwaonesha watoto msikiti wa kale wa Kaole. Gari letu, kama yalivyo magari mengi ya nchi hii, lilitumika kwanza Japani ndipo likateremshwa katika bandari ya Dar es Salaam. Kila linapowashwa, sauti ya mwanamke husema maneno machache ya Kijapani. Kwa miezi kadhaa kitindamimba wetu aliiitikia sauti hiyo kwa "waalaykum salaam", akidhani tunasalimiwa, mpaka jirani mmoja aliyewahi kufanya biashara ya magari alipotufumbulia. Sauti ile haisalimu mtu. Inamkumbusha dereva kwamba hajaingiza kadi ya kulipia ushuru wa barabara kuu za Japani! Gari limekwishavuka bahari, nalo bado linadai kadi ya barabara za kwao.

Hilo lilikuwa la kuchekesha. Mengine hayakuwa hivyo. Nyuma ya kioo cha kutazamia nyuma kuna kamera ndogo inayosoma mistari ya barabara na kuvitambua vitu vilivyo mbele. Gari likivuka mstari bila kuwasha taa ya ishara, hulia. Likikaribia kitu kwa kasi, hulia zaidi, na dereva asipofanya lolote hushika breki lenyewe. Vifaa hivi si vya matajiri peke yao tena. Japani iliagiza kwamba kuanzia Novemba 2021 aina mpya za magari madogo yanayotengenezwa nchini humo ziwe na breki za kujiendesha, na katika nchi za Umoja wa Ulaya kila gari jipya linalouzwa tangu Julai 2024 sharti liwe na kifaa cha kumwonya dereva anapozidisha mwendo. Magari hayo yakichakaa kidogo huko, huja kwetu. Kwa hiyo kuuliza kama vifaa hivi ni msaada au ni kero si kuingilia mambo ya wengine.

Kutoka Mwenge hadi Tegeta barabara ni pana. Ilipanuliwa kwa msaada wa Japani, na palipo na mistari iliyo wazi gari letu lilitulia kana kwamba limefika nyumbani. Lakini penye ujenzi mistari hufutika, au huchorwa mipya juu ya ya zamani, na gari likawa halijui lifuate ipi. Likalia. Tukakwepa shimo, likalia. Tukampisha mwendesha baiskeli aliyebeba magunia ya mkaa, likalia tena. Kabla ya kuimaliza Tegeta bodaboda alikatiza mbele yetu kwa namna wanavyokatiza siku zote, akiwa na nafasi ya kutosha, na gari likashika breki ghafla kwa amri yake lenyewe. Daladala lililokuwa nyuma yetu lilipiga honi ndefu, na konda akatutolea maneno ambayo hatukupenda watoto wayasikie.

Tulipofika Bunju tuliingia kituo cha mafuta tukafanya uamuzi. Chini ya usukani kuna vitufe viwili vyenye maandishi ya Kijapani. Kwa kuwa hatukuweza kusoma kipi ni cha mistari na kipi ni cha breki, tulivizima vyote viwili. Gari likawa kimya, nasi tukahisi tumepumzika.

Baada ya Bunju unavuka mto Mpiji, na hapo umeiacha Dar es Salaam na kuingia Mkoa wa Pwani. Mji wa kwanza ni Mapinga. Tulikuwa chini ya mwendo wa kilomita 50 kwa saa, kama alama inavyoagiza. Daladala lilikuwa limesimama upande wa kushoto likishusha abiria, na mbele yake, mahali tusipoweza kupaona, alikuwapo mtoto wa madrasa, kanzu nyeupe na juzuu kwapani, aliyeamua kuvuka. Mama watoto, aliyeketi mbele, aliona miguu yake chini ya bampa ya daladala kabla sisi hatujaona chochote. Alipaza sauti kwa neno moja: "Mtoto!" Tulikanyaga breki kwa nguvu zote. Gari lilisimama hatua moja, labda moja na nusu, kutoka pale alipoganda yule kijana. Juzuu lilikuwa limeanguka. Aliliokota, akalipangusa, akalibusu, kisha akakimbia.

Alhamdulillah. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hupita karibu mita 14 kwa sekunde moja. Lile neno moja la mama watoto ndilo lililotupatia zile hatua.

Hatukuendelea na safari mara moja. Tuliegesha pembeni, tukamtafuta mwalimu wa madrasa ile, tukamweleza yaliyotokea na kumwomba radhi. Naye alitueleza kwamba hofu hiyo ameishi nayo muda mrefu, kwa kuwa watoto wake huvuka barabara kuu mara mbili kwa siku. Tulikubaliana kwamba kuanzia juma lile wanafunzi wawili wakubwa wasimame na vitambaa vyekundu kuwavusha wadogo, na kwamba barua ya kuomba matuta na kivuko ipelekwe serikali ya mtaa, nasi tukaiandika naye papo hapo.

Kaole ilitupokea kwa utulivu tuliouhitaji. Magofu haya yako kiasi cha kilomita 5 kusini ya mji wa Bagamoyo. Msikiti wake wa kale hunasibishwa na karne ya 13 Miladia, na watu wa mambo ya kale huuhesabu kuwa miongoni mwa misikiti mikongwe kabisa ya bara la Tanzania. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Mihrabu bado inaonesha kibla, na pembeni yapo makaburi yenye nguzo za mawe. Katika jumba dogo la makumbusho kuna vipande vya vyombo vya kaure vilivyotoka Uchina, ushahidi kwamba waliosali hapa walikuwa watu wa bahari. Leo bahari huioni kutoka msikitini, kwa sababu mchanga na mikoko vimeifunga ghuba ambamo majahazi yalitia nanga. Watoto waliuliza manahodha walijuaje njia ghuba ilipokuwa ikibadilika. Hatukuwa na jibu.

Jibu tulilipata ufukweni Bagamoyo, karibu na soko la samaki, kwa mzee mmoja aliyekuwa akitazama vijana wakikalafati mashua. Tulimwamkia, akatuitikia na kutukaribisha kivulini. Tulimsimulia habari za gari linalolia na za mtoto wa Mapinga. Alicheka kwanza, kisha akanyamaza.

"Wanangu," alisema, "sisi tulikuwa na bildi." Akaeleza kwamba bildi ni timazi ya risasi iliyofungwa kwenye kamba ya kupimia kina. Chombo kikikaribia mafungu, baharia mmoja hukaa omoni, huitupa na kupaza sauti kutaja pima alizopata. "Kelele ya bildi haimkeri nahodha. Kinachomkera ni mtupa bildi mwongo. Akikuitia mwamba mara tatu pasipo mwamba, mara ya nne humsikii, na ya nne ndiyo yenye mwamba."

Tulimuuliza afanyeje nahodha aliye na baharia wa namna hiyo. Akajibu kwamba humwondoi mtupa bildi ukaenda kipofu. Humfundisha, au humpa kazi hiyo mwingine.

Maneno ya mzee yalitukumbusha kwamba watu wa bahari hii hawakuwa wageni wa vyombo vya kusaidia macho. Ahmad ibn Majid, rubani mashuhuri wa karne ya 15 kutoka Julfar, upande wa Ras al-Khaimah ya leo, aliandika vitabu juu ya njia za Bahari ya Hindi. Mabaharia wa bahari hiyo walitumia chombo kiitwacho kwa Kiarabu kamal: kibao kidogo chenye kamba ya mafundo. Rubani alishika fundo kwa meno, akalinganisha ukingo wa chini wa kibao na upeo wa bahari na ule wa juu na Nyota ya Kaskazini, na fundo likamwambia amefika wapi. Lakini ukivuka ikweta kuja kwetu, nyota ile huzama isionekane. Rubani aliyejua nyota moja tu angepotea Bagamoyo na kibao chake mkononi. Ilimpasa ajue nyota za kusini pia, yaani ajue chombo chake kilitengenezwa kwa mbingu ipi.

Gari letu nalo lilitengenezwa kwa mbingu nyingine, kwa barabara zenye mistari isiyofutika na pikipiki zisizokatiza. Hilo halilifanyi kuwa baya, ila linatuwajibisha kulielewa. Jioni ile, kabla ya kurejea, bintiyetu mkubwa aliyaelekezea simu yake maandishi ya njano yaliyokuwa yakitokea na kutoweka kwenye dashibodi tangu tulinunue gari. Programu ya simu ikayafasiri: kioo kilicho mbele ya kamera ni kichafu au kimezibwa, na msaada wa breki huenda usifanye kazi. Tukashuka kutazama. Stika ya usalama barabarani, ambayo tuliibandika wenyewe kwa haraka, ilikuwa imeziba nusu ya jicho la kamera. Gari lilikuwa likitueleza ukweli kwa miezi mingi, nasi tukalilaumu kwa kelele.

Ndipo tulipoona kosa letu la Bunju. Kifaa cha mistari hakina faida kubwa kwenye barabara isiyo na mistari, na kukizima huko hakuna ubaya. Kifaa cha breki ni jambo jingine, maana kinahusu roho ya mtu. Kwa kuudhiwa na kile cha kwanza tulikizima na cha pili, kwa kuwa tu hatukujua kuvitofautisha. Hatudai kwamba kingemwona mtoto yule kabla ya mama watoto, hasa na ile stika juu ya jicho lake. Tunachosema ni kwamba tulijinyima msaada bila kujua tunajinyima nini.

Wapo watakaosema ajali ni kadari. Ni kweli, na bado tunakumbuka yule bedui aliyemuuliza Mtume (S.A.W.) kama amwache ngamia wake na kutawakali, akaelekezwa amfunge kwanza. Tena sheria yetu haikuliacha jambo hili kwenye hisia. Aya ya 92 ya Surat An-Nisaa imeweka diya na kafara kwa mwenye kuua kwa kukosea, na asiyeweza kuacha huru mtumwa hufunga miezi miwili mfululizo. Kafara hiyo ni ya mtu. Gari halifungi saumu. Kifaa kikikosea, au kikizimwa, anayeulizwa ni aliyeshika usukani.

Kwa hiyo tunawausia wenye magari kama letu wafanye mambo madogo kabla ya safari ijayo. Wafasiriwe vitufe na maandishi ya gari lao, na leo simu inatosha. Wasafishe kioo mbele ya kamera na wasibandike kitu hapo. Kioo cha mbele kikibadilishwa, wamuulize fundi kama kamera imepimwa upya. Wazime kile tu wanachokijua. Na aliyeketi mbele asichezee simu, kwa kuwa naye ni mtupa bildi.

Tulirudi baada ya Alasiri. Tulisoma dua ya safari iliyomo katika Surat Az-Zukhruf, ile inayomtukuza Aliyetutiishia vipando ambavyo kwa nguvu zetu tusingeviweza, na safari hii tuliisoma kwa kuyazingatia maneno yake. Tulipofika Mapinga tulipunguza mwendo hadi chini ya 30. Daladala jingine lilikuwa limesimama pale pale. Hakuna aliyevuka. Mama watoto aliinama akatazama chini ya bampa mpaka tulipolipita.