Mayai ya chokoleti ya Pasaka: Yai linasafiri, onyo linabaki nyuma

Bournville, Uingereza. Ukishuka kwenye treni katika kituo cha Bournville, kusini mwa jiji la Birmingham, huhitaji kuuliza umefika wapi. Kituo kimepakwa rangi ya zambarau, ile ile ya karatasi ya chokoleti ya Cadbury. Upepo ukivuma kutoka upande wa kiwanda, harufu ya kakao inakupokea kabla hujafika barabarani.

Jumamosi Kuu, Aprili 19, 2025, mama mmoja Mtanzania alishuka hapo na watoto wake watatu, wa miaka 9, 6 na 3. Alizaliwa na kukulia Kyela, mkoani Mbeya, wilaya inayotoa sehemu kubwa ya kakao ya Tanzania. Sasa anaishi Birmingham. Kwenye mkoba alikuwa na chupa ya chai, mabakuli matatu ya plastiki na pakiti tatu za mayai madogo ya chokoleti, yale yenye ganda gumu la sukari la rangi rangi.

Safari hiyo ilikuwa na kazi maalumu. Ndugu mmoja alikuwa anaondoka kwenda Tanzania siku chache baada ya Pasaka, na alikuwa ameahidi nafasi kidogo kwenye begi lake. Kyela, nyumbani kwa bibi, kuna wajukuu saba wanaosubiri zawadi kutoka Ulaya. Mama alitaka watoto wake waonje, wachague yai lililo bora, kisha yanunuliwe ya kutosha. Pasaka itakuwa imepita, lakini zawadi haina tarehe.

Mji uliozaliwa na kakao

Kutoka kituoni hadi uwanja wa nyasi ulio katikati ya Bournville ni mwendo mfupi, kiwanda kikiwa jirani. John Cadbury alifungua duka lake katikati ya Birmingham mwaka 1824, akiuza chai, kahawa na kakao ya kunywa. Wanawe, Richard na George, walikihamishia kiwanda huku mwaka 1879, wakati eneo hili lilikuwa bado mashamba.

George alijenga nyumba zenye bustani ili familia ziondokane na moshi na msongamano wa jiji. Mwaka 1900 aliukabidhi mji kwa wakfu maalumu unaousimamia hadi leo. Familia hiyo ilikuwa ya dhehebu la Marafiki, ambalo watu wa magharibi mwa Kenya wanalifahamu vizuri kupitia Kaimosi. Kwa kuwa Marafiki walipinga ulevi, Bournville haikujengewa baa.

Mayai ya chokoleti yaliingia sokoni Uingereza mwaka 1873, yakitengenezwa na kampuni ya Fry's ya mji wa Bristol. Cadbury ikafuata mwaka 1875. Yale madogo yenye ganda la sukari, yanayoitwa Mini Eggs, Cadbury iliyaanza mwaka 1967. Leo karibu kila supamaketi nchini humo ina aina yake, na kuanzia Januari rafu hujaa.

Mashindano kwenye benchi

Mama alichagua benchi lililoelekea uwanja. Aliyahesabia mayai kwenye mabakuli akiwapa watoto mgongo: bakuli namba 1, 2 na 3. Pakiti moja ilikuwa ya Cadbury, mbili za supamaketi za bei nafuu. Mtoto wa kwanza alikuwa mwandishi wa matokeo, daftari mapajani. Walikubaliana kutoa alama kwa mambo manne: rangi, mlio wa ganda linapopasuka, ladha ya ganda na ladha ya chokoleti.

Kanuni ya kwanza ilikuwa kutolitafuna yai mara moja. Unaliweka ulimini, unasubiri. Ganda la bakuli namba 1 lilikuwa jembamba, laini kama kokoto ya mtoni, na ndani ya dakika lilianza kulegea lenyewe. La namba 2 lilikuwa nene. Lilipovunjwa kwa meno lilitoa mlio uliowachekesha watoto, lakini lilibaki mdomoni kama chaki. La namba 3 lilikuwa na harufu ya vanila iliyotangulia kila kitu kingine.

Chokoleti nayo ilitofautiana. Ya namba 1 ilikuwa ya maziwa mengi, ikiyeyuka haraka. Ya namba 2 ilikuwa tamu tu, bila ladha nyingine unayoweza kuitaja. Ya namba 3 ilikuwa na uchungu kidogo mwishoni.

Mtoto wa miaka 6 alishikilia kwamba mayai ya rangi ya waridi ni matamu kuliko ya njano. Mama alimwambia afumbe macho, akampa moja la kila rangi kutoka bakuli moja. Akakosea yote mawili. Kaka yake akaandika kwenye daftari: rangi haina ladha.

Mama mwenyewe alilipa alama nyingi namba 3, kwa ule uchungu wa mwisho. Watoto walitaka kujua kama huo ndio utamu wa kakao aliyokua nayo. Hapana, aliwaambia. Kyela walipokuwa wadogo walipasua tunda bichi la kakao na kumung'unya nyama nyeupe inayozunguka mbegu, yenye utamu wenye ugwadu kama wa stafeli. Mbegu zilirudishwa kwa wazazi, zikavundikwa siku kadhaa zikiwa zimefunikwa kwa majani ya migomba, kisha zikaanikwa juani na kuuzwa. Ladha ya chokoleti huanza kujengeka kwenye kuvundika huko. Chokoleti yenyewe aliionja mara ya kwanza akiwa sekondari.

Hesabu ya mwisho ilimshangaza kila mtu. Namba 1 ilishinda kwa alama chache, ikifuatiwa kwa karibu sana na namba 3, moja ya zile za bei nafuu. Namba 2 iliachwa mbali.

Bei haikuwa jambo dogo mwaka huo. Desemba 2024 kakao ilipita dola 12,000 za Marekani kwa tani kwenye soko la dunia, baada ya mavuno mabaya nchini Ghana na Ivory Coast yaliyosababishwa na hali ya hewa na magonjwa ya mikakao. Kwa mkulima wa Kyela anayeuza kwenye mnada kupitia chama cha ushirika, hiyo ilikuwa habari njema. Kwa binti yake aliye Birmingham, ilimaanisha kuhesabu sarafu mbele ya rafu.

Mkono mdogo ndani ya bakuli

Mtoto wa mwisho hakuwa mwonjaji. Alipewa kipande chembamba cha chokoleti ya kawaida, akakimaliza, akabaki anawatazama wakubwa. Wakati mama anamimina chai, mkono mdogo uliingia kwenye bakuli namba 2 na yai likaenda mdomoni.

Mama hakupiga kelele. Aliinama hadi usawa wa macho ya mtoto, akatandaza kiganja chini ya kidevu chake na kusema taratibu, "Mpe mama. Tema." Mtoto alifikiri kidogo, akatema. Yai lilitoka zima, limeng'aa mate, rangi ya njano imeanza kufifia. Mama alibaki amelishika kwa muda kabla ya kulitupa.

Aligeuza pakiti. Onyo lilikuwapo, kwa Kiingereza na kwa herufi ndogo. Cadbury huandika kwenye pakiti za Mini Eggs kwamba watoto wadogo wanaweza kupaliwa, na kwamba hazifai kwa mtoto wa chini ya miaka 4.

Sababu iko kwenye umbo lenyewe. Yai hilo ni dogo kiasi cha kuweza kuziba njia ya hewa ya mtoto, ni la mviringo, gumu na linateleza. Ganda lake hutengenezwa kwa kuzungusha chokoleti ndani ya pipa na kuimiminia sharubati ya sukari kidogo kidogo huku hewa ikiikausha, tabaka juu ya tabaka. Njia kama hiyo hutumika viwandani kuvika sukari vidonge vichungu ili vimezwe kwa urahisi. Kwenye kidonge, kuteleza ni faida. Kwa mtoto ambaye magego yake hayajakamilika na anayekula huku akikimbia, ni hatari.

Ganda hilo hilo ndilo linaloyafanya mayai haya yapendwe na wasafiri. Chokoleti ya kawaida ikifika Dar es Salaam kwenye joto huwa imekuwa uji. Yenye ganda la sukari huvumilia zaidi. Kwa hiyo ndiyo inayowekwa kwenye begi, na mara nyingi hutolewa kwenye pakiti na kugawanywa kwa watoto kiganja kwa kiganja. Yai linafika. Onyo linabaki kwenye karatasi iliyotupwa, au kwenye lugha ambayo bibi hasomi.

Kwa mzazi au mlezi anayepokea zawadi ya aina hii, mambo ya kushika ni machache:

Mtoto wa chini ya miaka 4 asipewe yai zima. Kama lazima aonje, mpondee vipande vidogo sana, au mpe chokoleti laini isiyo na ganda.

Watoto wale wakiwa wamekaa, si wakicheza, wakilala au wakiwa ndani ya gari linalotembea. Mtu mzima awepo.

Mtoto akipaliwa na bado anakohoa kwa nguvu, mwache akohoe na umtie moyo. Akishindwa kukohoa, kulia au kupumua, piga kelele ya kuomba msaada na uanze mara moja. Mwinamishe kichwa kikiwa chini kuliko kifua, umpige mgongoni kati ya mabega kwa sehemu ya chini ya kiganja, hadi mara 5.

Isipotoka, mtoto wa zaidi ya mwaka mmoja mkumbatie kwa nyuma, weka ngumi kati ya kitovu na mbavu, vuta ndani na juu hadi mara 5. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja usimkandamize tumbo. Mlaze chali, umkandamize katikati ya kifua hadi mara 5. Rudia kwa zamu, mgongo kisha tumbo au kifua, huku msaada ukiitwa. Akizimia, anza kumfanyia huduma ya kufufua moyo na pumzi kama unaijua.

Usiingize kidole kooni kutafuta kitu usichokiona. Unaweza kukisukuma chini zaidi. Hata kikitoka, mtoto aliyebinywa tumbo apelekwe kituo cha afya akaangaliwe.

Kwa wakubwa, suala ni sukari. Yai moja dogo lina takriban gramu 2 za sukari. Huduma ya afya ya Uingereza, NHS, inashauri mtoto wa miaka 4 hadi 6 asizidishe gramu 19 za sukari ya kuongezwa kwa siku, na wa miaka 7 hadi 10 asizidishe gramu 24. Mayai 9 yanakaribia kuimaliza posho ya mdogo, kabla hajagusa soda ya sikukuu. Daftari la matokeo lilionyesha kwamba mtoto wa miaka 6 alikuwa ameonja 8. Mabakuli yakafunikwa.

Simu ya Kyela

Saa nne asubuhi ya Birmingham ni saa sita mchana Kyela. Mama alipiga simu ya video akiwa bado kwenye benchi. Mvua ya Aprili ilikuwa inapiga bati kwa nguvu hadi sauti ikawa inakatika.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wajukuu zangu hawajambo?"

Wajukuu walionyesha mabakuli. Upande wa pili vichwa vidogo vilisongamana mbele ya kioo, na mbele kabisa, mgongoni kwa dada yake, alikuwapo wa mwaka mmoja na nusu, akinyoosha mkono kutaka kulishika yai lililo kwenye simu. Mama alimhesabu yeye na mwingine wa miaka 3. Wawili kati ya saba.

Alimweleza bibi kwamba mayai yanakuja, lakini hao wawili wasipewe. Bibi aliuliza kwa nini awatumie watoto kitu cha kuwagombanisha. Kisha akasema mwenyewe kwamba hata mbegu ya kakao huwa hawampi mtoto mdogo aimung'unye peke yake, kwa maana ni utelezi na huweza kumwingia kooni. Mama alicheka. Alikuwa amesahau hilo.

Jioni, kwenye meza ya jikoni, pakiti nne za mayai zilipangwa tayari kwa begi, mbili za mshindi na mbili za yule wa pili wa bei nafuu. Juu ya kila moja mama alibandika kipande cha plasta ya karatasi na kuandika kwa kalamu nene: WA CHINI YA MIAKA MINNE ASIPEWE. WENGINE WALE WAKIWA WAMEKAA. Mtoto wa kwanza aliomba aongeze neno lake, akaandika chini yake: rangi zote zina ladha moja.

Pembeni ya pakiti hizo ziliwekwa jozi mbili za soksi ndogo, moja ya njano na moja ya waridi.